Kikombe Juu ya Sepetu

Tsune na mimi tulizaliwa mwaka mmoja, lakini mimi nilimtangulia kwa miezi kadhaa, na hilo hajanisamehe mpaka leo. Nikimwambia, "Mdogo wangu, funga mlango, baridi inaingia," anauacha wazi makusudi, tukae tunatetemeka wote wawili. Ndivyo alivyo. Wapo wanaosema kwamba mkaidi wa hapa Kuromori ni mimi. Hao hawajawahi kumwomba Tsune kitu.

Kazi yake ni natto. Anachemsha soya, anazifunga zingali moto ndani ya mabua makavu ya mpunga, anazifunika zilale, na zikiamka zinanuka kama soksi za mume aliyerudi kutoka msituni. Ukizikoroga zinavuta nyuzi kutoka bakulini hadi puani. Asiyezizoea hukimbia, na aliyezizoea haoni utamu wa wali wa asubuhi bila hizo. Mimi ni mtu wa figili za moshi, na figili zangu hazina mpinzani kutoka hapa mpaka baharini, lakini natto ya Tsune naila na nasema kweli kwamba ni nzuri. Mbele yake sisemi.

Shida ya Tsune ni jirani yake. Ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazamana na mlango, kipo kiwanda cha sake, pombe ya mchele, cha ukoo wa Komatsuda. Na kila mtu anajua kwamba natto na sake haviishi pamoja. Kile kinachochachusha natto kina nguvu za shetani. Kikiingia katika chumba cha joto, mle wali wa mvuke unamolazwa ili uote ukungu wake mtamu, kinautawala wote, wali unakuwa utelezi mtupu, na msimu umekwisha. Kwa hiyo theluji ya kwanza ikidondoka, wapishi wa sake hawagusi natto, wake zao hawagusi, na Tsune havuki kichochoro mpaka siku ya kulaza sufuria la mvuke, mwisho wa msimu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Aliolewa hapa akaikuta.

"Kwani mimi ni mchawi?" alikuwa akiniuliza enzi za ujana wetu.

"Mchawi ana nafuu, mwenzangu. Mchawi hanuki."

Basi angalia dunia inavyocheza na watu. Binti yake Tsune alikwenda mjini kutafuta maisha, akamwachia mtoto wa kike, Kozue. Mtoto akalelewa kwa wali na natto, akanenepa vizuri. Alipokuwa mkubwa, kati ya kazi zote zilizo chini ya jua, akasema anataka kupika sake! Zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kukanyaga kizingiti cha kiwanda. Lakini vijana wa kiume wamehamia mjini, na Bwana Seizaburo Komatsuda, mwenye kiwanda, hakuwa na wa kuchagua. Akamchukua. Kozue akafundishwa na mzee Genzo mpaka mgongo wa Genzo ukakataa kunyooka, na majira ya vuli yaliyopita Bwana Seizaburo akatangaza kwamba mpishi mkuu sasa ni Kozue.

Wapishi wenzake walinung'unika. "Yule aliyelala kwenye mabua ya natto?" walisema. "Sake ikiharibika tusitafute mchawi mbali." Kozue aliyasikia. Ndiyo maana theluji ilipoanza tu alibeba godoro lake akaenda kulala kiwandani, na kumkaribia bibi yake akaacha kabisa.

Majira yote ya baridi wakawa wanaonana kwa ng'ambo, kama mbuzi wawili waliofungwa kamba kwenye nyua mbili.

"Bibi, umekula?" Kozue anapaza sauti kutoka getini.

"Nimekula!"

"Umekula nini?"

"Unajua nilichokula! Unataka niseme watu wote wasikie?"

Na kila pipa jipya la sake lilipokamuliwa, Kozue alikuwa na namna yake. Alichukua lile sepetu refu la mbao la kusukumia theluji, akaweka kikombe kidogo kwenye bapa lake, akakijaza, akalinyoosha sepetu polepole mpaka ng'ambo. Tsune barazani anapokea kikombe, anakunywa, anafumba macho. Kichochoro kizima kinanyamaza.

"Bado changa! Inakimbia mdomoni kama mtoto aliyeiba!"

Au, "Hii imekasirika. Iache ilale."

Kikombe hakirudi, maana kimeshaguswa na mkono wa natto. Anakipanga barazani kwenye ubao. Kila asubuhi anavifuta vile vikombe kwa kitambaa, na ukikigusa kimoja anakupiga mkono. Nilijua kwamba siku sepetu lile litakapoacha kuja, Tsune ataanza kuzeeka. Mpaka hapo alikuwa hajaanza.

Sasa nifike kwenye nyayo.

Asubuhi moja nilikwenda kumrudishia chungu chake, theluji ikiwa imeanguka usiku, safi kama unga. Nikaona nyayo za buti kubwa kutoka baraza ya Tsune mpaka geti la kiwanda. Mistari miwili, yote ikitoka kwake. Iliyoingia, hakuna. Kana kwamba wanaume wawili wamelala uvunguni mwa baraza ya mjane wakaondoka alfajiri.

"Tsune," nikamwambia, "uvunguni mwako kuna wageni?"

"Panya tu hao."

"Panya wa Kuromori wameanza kuvaa buti?"

Alijaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka akashika nguzo. Ndipo akanieleza. Bwana Seizaburo, yule yule anayesimama kila mwaka chini ya tufe la matawi ya mwerezi, alama ya kiwanda cha sake, langoni kwake na kutangaza kwamba tangu enzi za babu yake mdomo wa Komatsuda haujaonja natto wakati wa theluji, anakula natto. Alianza mkewe alipofariki, pakawa hapana wa kumchunga mdomo. Tsune anamwekea fungu moja uvunguni mwa baraza. Yeye anakuja kinyumenyume ili nyayo zisionyeshe kwamba alikuja, anainama, anachukua, anaacha machicha ya sake yaliyofungwa kwenye gazeti, anarudi zake.

"Kumbe ndiyo maana mchuzi wako wa machicha ni mtamu kuliko wangu!" nikasema. Niliumia kweli. Mwaka wa ngapi nahangaika na mchuzi ule!

"Mchuzi wangu ni mtamu kwa sababu najua kupika."

"Na chumba cha joto je? Na Kozue?"

Hapo akaacha kucheka. "Aliniapia. Kazi yake ni ofisini na kuinamiana na wageni. Chumba cha joto hakanyagi mpaka sufuria lilazwe. Nilimwambia, Seizaburo, ukitia hata kidole mle, nitakutangaza mpaka Tokyo."

Basi Tokyo wakaja wenyewe.

Ilikuwa katikati ya baridi, theluji imepita kimo cha mtu pande zote mbili za kichochoro. Bwana Seizaburo alialika wenye maduka ya sake na mikahawa kutoka mjini waje kuonja. Wakionja wakapenda, watachukua sake yote ya msimu, na kiwanda kitapumua. Wasipopenda, basi, wapishi walikuwa wameshaanza kuulizana nani ana shamba la kurudia. Wageni waliambiwa mapema wasile natto, na mwenye nyumba ya wageni aliificha yote. Vijana walichonga meza ya theluji mbele ya geti, nami nikapewa kazi ya chakula. Nani mwingine wangempa? Nilipanga figili zangu za moshi, nikachoma wale samaki wetu wanaokuja na ngurumo za mwezi wa kumi na mbili, matumbo yamejaa mayai yanayopasuka menoni. Nikaweka na chungu cha kuku na yale matonge ya wali uliopondwa na kuchomwa kwenye vijiti. Tsune alikuwa barazani kwake ng'ambo, anafunga natto kwenye mabua, anajifanya hatazami.

Wageni wakaanza kuonja. Vikombe vyeupe vyenye mduara wa buluu ndani, wanavikodolea macho, wanavinusa, wanavuta sake kwa kelele kama ng'ombe kisimani. Halafu, Mungu wangu, wakaitema kwenye ndoo! Nilidhani mtu amepaliwa. Nikamkimbilia bibie mmoja mwenye miwani myekundu nimgonge mgongoni.

"Hapana, bibi, ndivyo tunavyoonja," akaniambia. "Nasikia harufu ya pea. Na kwa mbali, tikiti."

"Mwanangu, humu hakuna pea wala tikiti. Humu mna mchele. Meza uone."

Nikampa ya moto pamoja na samaki. Akameza. Akasukuma ndoo mbali kwa mguu. Bwana mmoja wa pembeni akasema sake ya kusini ni laini zaidi. Nikamwambia kule kusini hawana theluji, wanakunywa ili wapoe, sisi tunakunywa ili tufike majira ya kuchipua, sasa laini ya nini? Akaomba figili nyingine.

"Wanasemaje?" Tsune akapaza sauti kutoka ng'ambo.

"Wanatema!" nikamjibu.

"Mbaya?"

"Ni adabu yao!"

"Adabu gani hiyo ya kumtemea mjukuu wangu!"

Kozue akafunika uso kwa mikono, lakini niliona mabega yakitikisika kwa kicheko. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mpaka yule bibie mwenye miwani akatoa kamera.

"Bwana Komatsuda," akasema, "tunaomba picha moja ya kutundika dukani. Wewe mwenyewe ndani ya chumba cha joto, mikono yako ndani ya wali. Mwenye jina na wali wake."

Wakapiga makofi wote. Bwana Seizaburo akacheka, akapunga mkono kukataa, wakazidisha makofi. Mtu akishashangiliwa, miguu si yake tena. Akanyoosha kola, akaelekea mlangoni. Pale mlangoni kila anayeingia huulizwa swali moja, hata angekuwa nani, na anayeuliza ni mpishi mkuu.

"Bwana Mkubwa," Kozue akasema akiinama, "asubuhi umekula nini?"

Macho yote kwake. Kamera nayo.

"Wali," akasema. "Wali, mchuzi wa miso, na yai."

Mimi mkono wangu ukasimama juu ya chungu. Nyayo nilikuwa nimeziona alfajiri ile ile, mistari miwili, yote ikitoka. Kozue akamwamini. Angeachaje kumwamini? Akamkabidhi koti jeupe. Na mle ndani ulikuwa umelazwa wali wa pipa la mwisho, lile kubwa kuliko yote. Ukigeuka utelezi, wapishi wangesema tu: si tulisema, mtoto wa natto.

Nikamtazama Tsune. Tsune alikuwa ameshasimama.

Nilijua ana njia mbili. Apige kelele amtangaze, kama alivyoapa, na Tokyo hii hapa imesimama na kamera. Lakini akimwaibisha Seizaburo mbele ya wanunuzi, kiwanda kinakufa, na kazi ya Kozue inakufa nacho. Au anyamaze, na wali ufe.

Tsune akashuka barazani. Akakanyaga kichochoro, theluji ikiwa bado chini, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu aolewe. Alikuja mbio, mbio za kibata, mikono mbele, nyuzi za natto zikiwa zimemning'inia vidoleni.

"Bwana Seizaburo!" akalia. "Bwana Seizaburo weee! Sijakushukuru! Umempa mjukuu wangu kazi na mimi sijawahi kukushukuru!"

Akamkumbatia. Si kumkumbatia kidogo. Alimfutia viganja vyake mgongoni, akamshika mashavu yote mawili, akamminya, akamwegemezea kichwa kifuani. Nyuzi zikamfunga yule mzee kuanzia sikio mpaka kifungo cha koti. Wapishi wakaruka nyuma kama wameona nyoka.

"Ananuka! Bwana Mkubwa amenuka!"

"Mshike huyo bibi!"

"Umshike wewe, mimi simgusi!"

Bibie wa miwani akapiga picha, tena na tena. Bwana Seizaburo alisimama kama nguzo, mwekundu kama tufaha. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia Tsune akimwambia sikioni, taratibu kabisa, "Sasa huingii, mwongo wee."

Na kweli hakuingia. Kozue alilichukua koti jeupe kwa ncha ya mwiko, akalitupa kwenye moto. Wageni waliingia na mzee Genzo. Walicheka sana, na kabla ya kuondoka walisema sake yote wanaichukua, na ile picha ya kukumbatiana ndiyo wataitundika.

Lakini Kozue hakucheka. Alisimama getini, akamtazama bibi yake aliyekuwa amerudi barazani.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Kimoja, Bibi: usivuke."

Akaingia ndani. Sake ikakamuliwa, pipa baada ya pipa, na sepetu halikuja.

Tsune akaendelea kuvifuta vikombe vyake kila asubuhi. Akaanza kufunga mlango mwenyewe, bila kuambiwa, na hapo ndipo niliogopa.

"Mwambie mtoto ukweli," nikamsihi.

"Nimwambie aliyempa kazi ni mwongo? Atamwinamiaje kesho?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Shige, ukifungua mdomo, nitazimwagia maji figili zako zote, nianzie na zile zilizo juu ya moto."

Anaweza. Nikanyamaza. Lakini mimi niliahidi kutofungua mdomo kwa Kozue. Kwa mwingine sikuahidi.

Natto ya uvunguni Tsune alikuwa ameacha kuiweka, ila nyayo za kinyumenyume zilikuwa bado zinakuja kuchungulia. Hivyo nikachukua fungu moja jikoni kwake, nikalisukuma uvunguni kwa fimbo mpaka mwisho kabisa, ukutani. Alfajiri nikajifunika blanketi barazani nikangoja. Akaja, matako mbele. Akainama. Mkono haukufika. Akapiga magoti. Haukufika. Akalala kifudifudi kwenye theluji akajiingiza mpaka kiunoni, Bwana Seizaburo Komatsuda, mwenye jina kwenye kila chupa.

"Ndani zaidi," nikamwambia kutoka juu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nikasikia kichwa kikigonga ubao.

"Nani?"

"Panya."

Kisha sauti kutoka chini, "Bi Shige, tafadhali."

"Mimi sitaki kitu, Bwana. Nilitaka ujue tu kwamba Kozue hamletei tena bibi yake kikombe. Sepetu limeegemezwa ukutani kwako. Huwa unalipita ukienda ofisini. Nadhani hujaliona."

Alitoka taratibu, theluji kwenye nyusi, fungu la natto mkononi. Akalitazama, akaliweka barazani karibu na vikombe, akaondoka. Akaondoka kinyumenyume, kwa mazoea, basi ikaonekana kwamba mtu ametoka kwa Tsune kwenda kiwandani, kisha akarudi kwa Tsune.

Siku ya kulaza sufuria la mvuke ikafika. Wapishi walilipindua ubavu, wakamwagiana maji, wakaanza kunywa kama ilivyo desturi. Theluji ilikuwa imebaki vipande tu kwenye kivuli. Mimi na Tsune tulikuwa barazani tukiwasikia wakiimba. Tsune alikuwa huru kuvuka. Hakuvuka.

Geti likafunguka, akatoka Bwana Seizaburo. Amevaa vazi lake la sherehe, uso mbele safari hii. Akavuka kichochoro mchana kweupe, akaketi barazani kwa Tsune, wapishi wote wakija nyuma yake na vikombe mikononi, Kozue akiwa wa mwisho.

"Bi Tsune," akasema, "naomba natto."

Tsune akamtazama juu mpaka chini. "Na wali au kavu?"

"Na wali."

Akaletewa. Akaikoroga bila kutazama mkono, kwa kasi, akainua, akakata uzi kwa kijiti kama mtu aliyekata nyuzi hizo kila siku ya maisha yake. Wapishi wakaanza kutazamana. Akala bakuli zima. Akafuta sharubu.

"Mpishi mkuu," akamwambia Kozue, na kichwa akakiinamisha, yeye kwa msichana yule. "Siku ya wageni uliniuliza nimekula nini, nikakudanganya. Nilikula hii. Bibi yako alikuwa anajua. Angeweza kuniumbua. Akachagua kunipaka."

Kisha mzee Genzo akapasuka kicheko mpaka mgongo wake ukalia, na wengine wote wakafuata.

Kozue hakucheka. Alimtazama Bwana Mkubwa, akamtazama bibi yake, mikono yake, vile vikombe vilivyopangwa na kufutwa. Akageuka akarudi kiwandani mbio. Tsune akainamisha kichwa. Nami nikasema moyoni, basi, tumeharibu.

Akatoka na sepetu.

Kichochoro kilikuwa wazi, hakuna kitu cha kumzuia kuja kwa miguu. Lakini alisimama pale pale getini, kikombe juu ya bapa, akalinyoosha taratibu.

"Sogea hapa, mjinga wee," Tsune akasema. "Sepetu la nini sasa?"

"Nimezoea, Bibi."

Tsune akachukua kikombe. Ilikuwa sake ya lile pipa la mwisho. Akanywa, akafumba macho. Tukangoja sote, Bwana Seizaburo na uzi wa natto kidevuni, wapishi, mimi. Akakaa hivyo hivyo, machozi yanamtoka pembeni, na anajifanya ni ladha.

"Ehe?" Kozue akauliza.

"Sijaisikia vizuri," Tsune akasema. "Lete nyingine."

Hapo Kozue akalitupa sepetu akaja kwa miguu, akamkumbatia bibi yake pamoja na mikono yake ya natto. Sikutazama sana. Nilikuwa na jambo langu.

"Na mimi je?" nikasema. "Mimi niliyelala barazani na blanketi moja?"

"Bibi Shige," Kozue akaniambia, akijifuta pua, "wewe nikuletee na ndoo?"

Nilikunywa vitatu. Tsune anasema vinne, lakini Tsune ni mdogo wangu, anajua nini.